Mhuri wa Bwana Misitu na Mwenye Nyumba wa Viena

Tangu turudi, sijanunua chumvi dukani bila kuulizwa habari za Ulaya. Kila anayeuliza namsimulia kipande, na kipande hicho kikifika kwa mtu wa tatu kinakuwa kimeota mapembe. Juzi nimesikia sokoni kwamba Mzee Leonsi alikula meza moja na mfalme. Basi nimekaa nikaandika yote, msome wenyewe mniache ninunue chumvi. Habari za pasi, sindano na karatasi nimeziruka. Anayezitaka aende ofisini akapange foleni kama tulivyopanga sisi.

Kwa asiyetufahamu: mimi ni katibu wa chama cha warina asali hapa Magamba, wilayani Mpanda, mtu wa kalamu, na nyuki nawaogopa kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Mrina asali ni Mzee Leonsi. Ana mizinga mingi porini, na kila mmoja anaujua kama nyie mnavyowajua watoto wenu, na wengine wenu anawazidi. Tulipohamia kijijini mizinga ilibaki kule kule, mwendo wa siku mbili kwa miguu, kwa hiyo msimu wa kurina wazee hulala kwenye kambi zao porini. Bwana Misitu, yaani ofisa misitu wa wilaya, hakuzipenda kambi hizo. Alisema wanaolala porini wanakimbia kazi za kijiji na wanachoma msitu.

Kisha ukaja mwaliko wa watu wawili kwenda kwenye maonyesho ya asali huko Viena, mji mkuu wa Austria. Bwana Misitu akatuita ofisini, akasema mbele ya wote: "Asali yenu ikapimwe na wanaojua. Mkirudi na cheti, nasaini kibali cha kambi. Mkirudi mikono mitupu, nyie na kambi basi." Akachukua galoni ya bati tuliyoijaza asali, akadondosha lakiri nyekundu, ile nta ya mihuri, kwenye kifuniko, akagonga mhuri wake, akaiweka ofisini kwake siku mbili mpaka tuondoke. Kanuni za maonyesho zilitaka hivyo. Chombo kifike kimefungwa, kifunguliwe na wapimaji peke yao.

Kwa hiyo kambi zetu zote zilikuwa zimening'inia kwenye lakiri ile. Naomba mlishike hilo, maana safari nzima nilikuwa nalishika peke yangu.

Mpanda hadi Kaliua

Mzee Leonsi alifika stesheni na koti refu la jeshi alilolinunua mnadani, kofia ya sufu, galoni ndani ya kikapu, na kibuyu kidogo kilichofungwa kamba shingoni.

"Baba, kibuyu cha nini tena?"

"Cha wenye nyumba," akasema.

Ndipo nikaelezwa sheria ambayo sikuwahi kuisikia, kwa sababu mimi nikisafiri husafiri na daftari. Asali ikilala kwenye nyumba ya watu, mwenye nyumba huionja kabla haijatoka mlangoni. Aliyeibeba huonja kwanza ili ionekane haina kitu, mwenye nyumba huonja wa pili, ndipo asali inapata ruhusa ya kuendelea na safari. Ikitoka bila kuonjwa, imetoka kama mali ya wizi.

"Na ikitoka hivyo inakuwaje?"

"Nyuki wake wanahama."

"Watajuaje, na wao wako porini huku?"

"Wewe mkeo akikasirika unajuaje?"

Sikuona shida yoyote. Tulikuwa na kibuyu, na kwa hesabu yangu tungelala nyumba mbili tu, moja Dar es Salaam na moja Viena.

Treni yetu mnaijua. Kabla ya kufika nusu ya njia, gurudumu la behewa moja la tumbaku likaanza kutoa moshi, tukasimama porini kutwa nzima. Watu wakashuka, wakakoka moto, wakachoma mihogo, na mama mmoja akafungua soko la ndizi pale pale relini. Tulipofika Kaliua, treni ya Kigoma ilikuwa imeshapita kuelekea Tabora. Tukakaribishwa siku mbili na fundi mmoja wa reli, bwana mkarimu aliyeishi na mkewe na mama mkwe wake. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa mpaka nikaona haya.

Asubuhi ya kuondoka Mzee Leonsi akauliza mwenye nyumba ni nani. Fundi akasema ni yeye. Mkewe akacheka. Mama mkwe hakucheka, akasema nyumba ni ya reli lakini sufuria zote ni zake. Mzee akaona asiharibu ndoa ya watu, akawaonjesha wote watatu. Kibuyu kikabaki nusu.

Kaliua hadi Dar es Salaam

Dar es Salaam tulifikia kwa binamu yangu Ferdinandi, aliyepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita. Ndege ikaahirishwa siku tatu kwa sababu ambayo kila karani aliisema tofauti. Joto lilikuwa kali, na Mzee Leonsi alikataa kuvua koti asije akaibiwa.

Siku ya kuondoka akamwonjesha Ferdinandi. Ferdinandi, badala ya kunyamaza, akasema yeye ni mpangaji tu. Basi mwenye nyumba akatafutwa barazani. Naye akalamba, akasifu, kisha akakiri kwamba nyumba ameiandikisha kwa jina la mke mkubwa. Mke mkubwa akaitwa. Mke mdogo akasimama mlangoni akatazama kwa namna ambayo hata mimi ningempa. Tulipokuwa tunakwenda uwanjani nilikitikisa kibuyu, nikasikia sauti ya kitu kidogo sana.

"Mzee, umewapa na wasiohusika."

"Katibu, kwenye nyumba ya wake wawili hakuna asiyehusika."

Angani, na benchi la Zuriki

Mzee Leonsi aliuliza kama ndege ni nyumba au ni gari. Nikasema ni gari. Akaridhika, akakaa akiwa amekipakata kikapu mpaka mhudumu alipombembeleza akiweke miguuni. Chakula kikaja kwenye sinia dogo, kila kitu kimefungwa peke yake kama dawa za hospitali. Alikifungua kimoja kimoja, akanusa, akala vyote, pamoja na siagi, ambayo aliila tupu kwa kijiko na kusema maziwa haya yameganda vizuri.

Zuriki, nchi ya Uswisi, tulikuwa tubadilishe ndege, lakini ukungu ulikuwa mzito, ndege yetu haikuruka mpaka kesho yake. Tukalala kwenye mabenchi ya uwanjani. Nilijua benchi halina mwenye nyumba, nikalala kwa amani. Nilipoamka nikakuta Mzee Leonsi amesimama na polisi mmoja mrefu, na polisi analamba kidole.

"Huyu ndiye aliyeturuhusu kulala," Mzee akanieleza. "Alipita akatutazama, hakutufukuza."

Polisi akaenda, akarudi na mwenzake. Mwenzake naye akaonjeshwa. Mzee akakigeuza kibuyu juu chini, akakigonga, akakivaa tena shingoni kikiwa kitupu.

"Baba, na Viena?"

"Viena ni nyumba moja tu."

"Kibuyu kimekwisha."

"Galoni ipo," akasema, kama mtu anayenikumbusha kwamba mfukoni nina leso. Nikainama nikaitazama lakiri kikapuni, bado nzima.

Viena, hoteli ya ghorofa tano

Hoteli yetu ilikuwa nyuma ya kanisa kubwa la kale, katika mtaa wa majumba ya mawe yaliyokuwa meusi kwa uzee. Mji wenyewe ni wa wafalme. Kila kona kuna sanamu ya mtu juu ya farasi, na Mzee Leonsi aliuliza kama hao watu walikuwa hawana miguu. Lakini wafalme hawakuwahi kulala kwenye hoteli yetu. Ilikuwa ya bei rahisi kuliko zote zilizoorodheshwa na waandaaji wa maonyesho. Lifti ilikuwa na karatasi mlangoni kusema ni mbovu, na karatasi hiyo ilikuwa imegeuka manjano. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya nne. Bafu lilikuwa mwisho wa ukumbi, limefungwa, na ufunguo wake ulitunzwa chini kabisa kwa mtu wa mapokezi, kwa hiyo ukifika bafuni umeshatoka jasho na unalistahili.

Chumbani mlikuwa na vitanda viwili vya chuma, dirisha linalotazama ukuta, na jiko refu la vigae vya kijani kwenye kona, halina moto. Kitandani palikuwa na shuka moja na fuko kubwa la manyoya. Mzee Leonsi alilibonyeza kwa kidole.

"Humu wameweka kuku wangapi?"

Lakini nimetangulia. Kabla ya kupanda tulisimama mapokezi, ambapo juu ya meza palitundikwa picha ya mzee mmoja mwenye sharubu nene na nishani kifuani. Mzee Leonsi akavua kofia, akachutama kidogo, akaipigia picha makofi ya taratibu kama tunavyosalimu wakubwa kwetu.

"Ndiye mwenye nyumba?" akaniuliza.

Nikamuuliza mtu wa mapokezi, bwana mwembamba aliyevaa tai, mwenye Kiingereza cha kitabuni kama changu. Akasema yule alikuwa mfalme, na alikufa kabla yeye hajazaliwa.

"Mpe pole," Mzee akasema. "Muulize nani kamrithi."

Nikaifupisha habari. Nikasema mzee wangu anaomba kuonana na mwenye hoteli. Yule bwana akabadilika uso.

"Kuna tatizo chumbani?"

"Hakuna. Anataka kumsalimu tu."

"Kumsalimu," akarudia polepole, akaandika kitu kwenye kitabu chake. Hatujamaliza kuvua viatu, mlango ukagongwa. Mama mmoja wa makamo, amefunga kitambaa kichwani kama mama zetu, alikuwa amebeba mablanketi mawili mazito.

Viena, tunamtafuta mwenye nyumba

Jambo hili nililielewa siku ya tatu, lakini nyie nitawaambia sasa ili mcheke mapema. Katika nchi zile mgeni haulizi mwenye hoteli ila anataka kushtaki. Na kadiri anavyouliza kwa upole, ndivyo wanavyodhani mashtaka ni mazito. Sisi tulikuwa wapole sana.

Asubuhi ya pili Mzee akashuka, akasalimu picha, akauliza tena. Wakatuletea sabuni na taulo mpya. Mchana akauliza tena, na yule mama wa kitambaa akapanda ghorofa nne na ndoo ya makaa na fungu la kuni kuwasha jiko la vigae, ambalo nadhani halikuwahi kuwashwa tangu yule mfalme afe. Aliitwa Milka. Alitoka kijiji cha milimani huko Yugoslavia, alikuja kutafuta kazi, na ndiye aliyefagia, aliyefua, aliyepika chai na kubeba makaa ya nyumba ile yote. Kiingereza alikuwa na maneno kama thelathini. Alipiga magoti akaanza kupuliza. Mzee Leonsi akapiga magoti pembeni yake, akamvunjia vijiti, na wakapuliza kwa zamu, kila mmoja akizungumza lugha yake bila kungoja kujibiwa. Nilibaki nimesimama na kamusi yangu.

Chai ya asubuhi ilikuwa mkate mdogo wa mviringo, siagi, na kikopo cha asali kinachotosha kulisha sisimizi. Mzee Leonsi alionja akakirudisha.

"Hii imepikwa na nani?"

"Ni ya nyuki, baba. Imeandikwa."

"Haina moshi. Asali isiyo na moshi utajuaje kama nyuki walikuwepo?"

Siku iliyofuata, baada ya kuuliza tena, wakatuletea mayai. Hapo wageni wengine wakaanza kututazama. Mzee mmoja mfanyabiashara wa vifungo, aliyekuwa ameishi chumba cha jirani muda mrefu, alinivuta ngazini akaniuliza tumewafanya nini hawa watu. Taa ya chumba chake ilikufa siku nyingi na kila akilalamika hujibiwa kesho. Nikamwambia hatujalalamika, tumesalimu. Hakuniamini. "Basi mzee wako akisalimu tena," akasema, "ataje na taa yangu." Nikaitaja. Jioni hiyo alisoma gazeti lake chumbani, na kesho yake alimvulia kofia Mzee Leonsi kwenye ngazi.

Yote haya yangenifurahisha kama si siku kwenda. Galoni ilitakiwa kufikishwa kwenye jumba la maonyesho kabla ya saa sita mchana siku ya Alhamisi, na sasa ilikuwa Jumatano. Nikashuka peke yangu, nikamweleza yule bwana wa mapokezi ukweli wote, asali, mlango, nyuki na kila kitu. Alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akainama, akanong'ona kwamba wenye hoteli ni ndugu watatu, wameshtakiana mahakamani, wote wanaishi miji mingine, na hakuna aliyekanyaga pale muda mrefu. "Hata mimi," akasema, "nawajua kwa saini."

Nikapanda kumweleza Mzee.

"Nyumba haiwezi kukosa mwenyewe," akasema.

"Hayupo, baba. Wako watatu na hawapo wote."

"Basi tusubiri."

"Nikanunue asali dukani, tumwonjeshe yule bwana wa chini, yaishe?"

"Nimwonjeshe asali ya watu, niseme nimemwonjesha yangu?"

"Baba, mhuri ukivunjika asali haipimwi. Isipopimwa hakuna cheti, na bila cheti hakuna kambi. Wazee wenzako wanangoja."

"Na nyuki wakihama, kambi ni ya nini?" Akakisukuma kikapu chini ya kitanda, akakaa juu ya kitanda.

Nilikasirika. Nasema wazi kwa sababu wengine mmekuwa mkinisifu kwa uvumilivu. Nilimwona mzee mkaidi anayeharibu riziki ya watu kwa jambo la kale ambalo hata mapadri wetu wangelicheka. Nikatoka nikaubamiza mlango, na ngazini nikamkuta Milka na ndoo yake. Hapo ndipo shetani alipokaa nami kwenye ngazi.

Kwa maneno yake thelathini na mikono yangu miwili nilimweleza. Kesho asubuhi avae nguo za kanisani, akae chumba cha chakula kama mwenye hoteli. Mzee alimzoea na kitambaa na ndoo, nikadhani kwa nguo hizo hatamtambua. Mzee ataleta galoni. Yeye aguse kifuniko, aweke mkono kifuani, aitikie kwa kichwa. Asifungue. Nilimwonyesha kutofungua mara tatu. Milka alicheka mpaka akaziba mdomo na aproni, halafu akakubali.

Viena, asubuhi ya Alhamisi

Nilimkuta Milka ameketi kiti cha mwisho wa meza, koti jeusi, kofia yenye unyoya, na mkoba mapajani. Bwana wa mapokezi alikuwa mlangoni anafuta funguo ambazo zilikuwa safi. Nikamwambia Mzee kwamba mama mwenye nyumba amefika alfajiri kutoka mbali. Sikuweza kumtazama machoni.

Mzee Leonsi akaja na kikapu. Akachutama, akapiga makofi ya taratibu, akataja jina lake, la baba yake, na la pori lake. Mimi nikatafsiri kwa Kiingereza ambacho hakuna aliyekihitaji. Akaweka galoni mezani. Milka akagusa kifuniko. Akaweka mkono kifuani. Akaitikia kwa kichwa. Alifanya vizuri kuliko nilivyomfundisha, nikashusha pumzi.

Mzee hakuondoka. Alikuwa anautazama ule mkono uliokaa juu ya kifuniko, mkono mwekundu uliopasuka kwa maji na sabuni ya kufulia. Kisha akatoa kisu kwenye koti.

"Baba," nikasema. "Mhuri."

"Nimeuona."

Lakiri ikavunjika vipande viwili, kimoja kikadondoka kwenye kisahani cha siagi. Akafungua, akachovya kijiko, akaonja yeye. Kisha akampa Milka kijiko kwa mikono miwili.

Milka akasahau kwamba yeye ni mwenye hoteli. Aliitia asali mdomoni, akafumba macho. Akachovya tena bila kuombwa. Halafu akaweka mkoba chini, akanyanyua mikono kama mtu anayechochea moto, akapuliza, fuu, fuu, akinyoosha kidole kwenye asali. Alikuwa anasema moshi. Akataja neno moja la kwao, nadhani baba, akaonyesha kimo cha mtu mrefu, akaonyesha ndevu, akaonyesha mizinga mlimani mmoja mmoja kwa kidole. Machozi yakamtoka, naye akawa anacheka. Mzee Leonsi akacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani. Bwana wa mapokezi akaacha funguo, akaja na kijiko chake. Nyuma yake mzee wa vifungo.

Mimi nilitoka nikakaa ngazini. Nilikuwa nimemdanganya mzee wa umri wa baba yangu, na uongo wenyewe haukunifaa kitu.

Meza ya mlangoni

Tulifika kabla ya saa sita. Mama wa mapokezi ya maonyesho akatazama kifuniko, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa huruma. Hakutufukuza. Alituonyesha meza ndogo karibu na mlango, nje ya mstari wa wanaopimwa, mahali wanapopita watu kuelekea kwenye makoti yao.

Mzee Leonsi alisimama pale siku mbili. Kila aliyekaribia alimwonjesha, na kila mara alionja yeye kwanza, mpaka nikahofia ataugua. Wengine walikunja uso kwa ule moshi. Wengine walirudi. Milka alikuja siku ya pili na ile kofia, akasimama upande wetu wa meza kama mtu wa chama. Vyeti vikatolewa ndani, tukasikia makofi. Ilipobaki asali ya vidole vitatu hivi, Mzee akafunga galoni na kuizungushia nta kwa mkono wake.

Kurudi

Safari hii, kwa kuwa sikuwa na haraka ya kufika, kila chombo kiliondoka kwa saa yake. Hata treni yetu ya Mpanda ilifika mapema, jambo ambalo stesheni masta mwenyewe aliliombea radhi.

Bwana Misitu alitupokea ofisini kwake, karani wake kando.

"Cheti kiko wapi?"

Nilikuwa nimetunga hotuba tangu Tabora. Mzee Leonsi akanitangulia.

"Hakuna cheti. Haikupimwa."

"Na mhuri wangu?"

"Niliuvunja mimi."

"Mzee, mhuri wa serikali unauvunja kwa sababu gani?"

Mzee Leonsi akasogea, akachutama, akapiga makofi yale yale ya taratibu.

"Bwana Misitu, nimekuja kuomba radhi, lakini si kwa mhuri. Asali hii ililala hapa ofisini kwako siku mbili kabla hatujaondoka. Huku ni kwako. Nikaitoa mlangoni bila kukuonjesha. Nimevuka bahari namtafuta mwenye nyumba wa watu, na wangu wa hapa nilimruka. Hilo ni kosa langu."

Akakwangua nta, akafungua, akaonja. Karani akaenda mwenyewe kutafuta kijiko. Bwana Misitu alikuwa amekaa Mpanda miaka miwili, anagonga mihuri ya asali kila mwezi, na nilipomwona anavyokishika kile kijiko nikajua hajawahi kuionja. Akalamba. Akakwangua na ukingo wa galoni.

"Ina moshi," akasema.

"Ndiyo, bwana. Moto mdogo, wa kupuliza. Tungekuwa tunachoma msitu, tungekuja na majivu."

Alitusainia kibali cha msimu mmoja. Mmoja tu, na akasema angekuja kambini mwenyewe kukagua. Wengine mnanung'unika kwamba ni kidogo. Mimi nilikuwepo, na naona ni kingi.

Mwezi uliofuata nilikwenda kambini na Mzee Leonsi, mara yangu ya kwanza, nimejifunga mablanketi mpaka machoni. Usingizi ulikuwa umenitoka kwa wiki nyingi, nikaamua kutubu. Nikamwambia kwamba yule mama wa Viena hakuwa mwenye nyumba. Nilimtafuta mimi, nikampanga mimi, nikamdanganya yeye, mzee wangu.

Alikuwa anapuliza mwenge wake. Hakuinua kichwa.

"Nilijua nilipoiona ile kofia."

"Ulijua? Sasa mhuri uliuvunjia nini?"

"Katibu, kwenye ile nyumba nani alituwashia moto?"

Akapanda mtini. Nilisikia mngurumo kabla hajafika kwenye mzinga, na nikakimbia, na mliosikia kwamba nilikimbia mbali mmesikia sawa. Nyuki walikuwemo. Hawakuhama hata mzinga mmoja.

Aliposhuka alikijaza kile kibuyu kidogo, akakifunga, akanipa mimi. Ni cha Milka. Kipo nyumbani kwangu juu ya kabati, na anwani nimeiandika. Kama kuna mmoja wenu anayesafiri kwenda upande ule, apite akichukue. Ila abebe na kingine cha pembeni, kikubwa, maana njiani atalala nyumba nyingi.